Honi Mbili za Dereva

Suruali ya dereva wa treni ilipasuka nyuma mbele ya watu chungu nzima, pale kwenye ngazi za stesheni, saa ambayo kila mtu anasukumana kuwahi kazini. Akajiziba kwa kofia. Aliyecheka kuliko wote alikuwa fundi cherehani mmoja, mwembamba, gauni la maua ya njano, sindano kaichomeka kwenye ukosi.

"Badala ya kucheka, si ushone," dereva akamwambia, kakunja uso.

"Nina uzi mwekundu tu."

"Suruali ni ya bluu."

"Basi nenda hivyo hivyo kaka, upigwe na upepo."

Akashonwa akiwa kasimama, kageukia ukuta kama mwanafunzi mtukutu. Ndivyo walivyoanza, kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ukawa mtamu. Ikawa dereva kila akipita na treni nyuma ya kibanda cha fundi, anapiga honi mbili fupi. Jioni anapiga simu kuuliza kama mpenzi wake kamsikia. Fundi humjibu kwamba alisikia mbuzi akikohoa.

Kisha vita vikapamba moto. Dereva akahamishiwa treni za jeshi, zile zinazobeba vifaru na mabomu kwenda mpakani. Naye fundi alikuwa na kaka mmoja tu, na vita hivyo hivyo vilimrudisha ndani ya jeneza. Tangu kumzika, yeye na shangazi yake na wenzao kumi walikuwa wakikaa relini kuzizuia treni hizo. Dereva alijua. Wakakubaliana kazi ya dereva isitajwe, wala kundi la fundi lisitajwe.

Treni za jeshi zilifichwa saa zake za kupita. Lakini siku moja shangazi alikuwa kibandani akipimwa gauni, honi mbili zikalia, akamwona mtoto wa kaka yake anatabasamu peke yake. Mama yule hakuuliza. Alitoa simu, akawaambia wenzake waende njia panda ya reli sasa hivi. Treni ikazuiwa hadi jua likazama.

Kesho yake dereva aliingia kibandani bila hodi.

"Mmenifanya kengele yenu."

"Sikuwaambia mimi."

"Ila ulimwona shangazi yako anapiga simu."

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani, kitambaa kikaenda upogo. "Nilimwona, nikanyamaza. Na wewe unajua unachobeba, umenyamaza. Tumepishana wapi?"

Dereva akamweleza kwa sauti kavu kwamba mkuu wake kaamuru: safari ijayo hakuna honi, na akiona watu relini asiguse breki.

"Na ukiniona mimi?"

"Usiwepo. Na huo uzi wako naufumua leo leo."

Wiki nzima fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akaapa hatapiga tena, akapiga.

Ijumaa fundi na wenzake walikaa relini tangu alfajiri, maana kengele hawakuwa nayo tena. Jua lilipokuwa utosini, chuma kikaanza kutetemeka chini ya mapaja yao. Honi hakuna. Shangazi akawainua watu mmoja mmoja. Fundi hakuinuka.

"Mwanangu, huyo hasimami."

"Basi anikanyage huku ananitazama."

Shangazi akamshika kwapani, akavuta, akashindwa, akaketi naye. Ndipo ikasikika, mbali, kabla ya kona: honi mbili fupi. Halafu breki zikalia kwa muda mrefu, na ile treni ikaja ikijikokota mpaka ikasimama hatua ishirini mbele yao.

Askari waliosindikiza treni wakamfokea dereva aendelee. Yeye akachomoa mpini wa kuendeshea, ambao bila huo injini ni bati tu, akautupa kwenye mtaro wa maji machafu, akateremka.

"Mpenzi," fundi akasema.

"Usiniite hivyo. Sijakusamehe."

"Wala mimi sijakusamehe."

"Vizuri. Nikitoka nitakuja tugombane mpaka tumalize. Usije ukaolewa."

"Nani atanioa na mdomo huu?"

Askari walimgeuza dereva, wakamwekesha mikono kichwani, wakamswaga kuelekea kwenye behewa lao. Fundi alimtazama kwa nyuma mpaka mwisho. Pale kwenye suruali ya bluu, palipopasuka siku ile, uzi mwekundu ulikuwa haujafumuliwa hata tundu moja.