Maua Yaliyotandazwa Njiani

Kila alasiri, baada ya shule, Prisila Nijimbere alipitia kwenye pampu ya kijiji kuchota maji kabla ya kwenda nyumbani. Pampu ilikuwa kando ya barabara ya zamani iendayo Ujiji, ile ambayo misafara ya pembe za ndovu na chumvi iliipita kwa miguu. Siku hizi walioipita zaidi ni madereva wa malori ya ng'ombe, nao walisimama pale kunywesha mifugo yao. Maji yaliyomwagika yalifanya tope, na katika tope hilo, hata mwezi wa Juni nyasi zote zilipokuwa zimekauka, mmea mmoja ulibaki kijani. Ulifika kiunoni, umejaa vijiua vyeupe vidogo kama punje za mchele. Watoto waliuita ua la bibi harusi.

Mwaka huo Prisila, akiwa darasa la sita, alichaguliwa kuwaongoza watoto wa kigango chao watakaomwaga maua njiani siku ya maandamano ya Ekaristi Takatifu. Mapambo yote yalisimamiwa na Mama Advera, ambaye ndiye mama yake wa ubatizo.

"Kiangazi hiki maua tutayatoa wapi, mwanangu?" Mama Advera aliuliza.

"Yapo tele, mama. Pale pampu."

"Yale? Mimi siyajui yale. Yamekuja juzijuzi tu na malori. Kamuulize kwanza mwalimu wako. Kitu cha kuwekwa mbele ya Bwana hakiokotwi tu ovyo."

Prisila akaenda kwa Mwalimu Masolwa, mlezi wa klabu ya mazingira. Mwalimu alikuwa akiingia kikaoni. Alifungua kishikwambi chake, akamwonyesha ukurasa mmoja mtandaoni.

"Hii ni kanzidata ya viumbe vamizi," alisema. "Ni ghala la taarifa za mimea na wanyama waliotoka kwingine wakaharibu ardhi za watu. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo usikimbie. Linganisha majani, soma maelezo, halafu uniambie."

Prisila alikaa barazani. Kwenye kisanduku cha kutafutia akaandika *ua la bibi harusi*. Hakuna kilichotokea. Akaandika kwa Kiingereza kwamba ni ua jeupe. Ikaja orodha ndefu isiyo na mwisho, na picha za juu zilikuwa za miti na za mimea ya majini. Akapitisha kidole mara chache, akachoka. Kisha akakumbuka video ya kwaya moja ya Tabora mjini waliyokuwa wakiisifia shuleni. Akaitazama, akairudia.

"Umepata?" Mwalimu aliuliza alipotoka kikaoni.

"Halimo, mwalimu. Si gugu vamizi."

"Umelinganisha majani?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na maelezo umesoma?"

"Yote, mwalimu."

Neno hilo lilimtoka kirahisi, kama mtu anayeitikia salamu. Mwalimu alimwamini, akafunga kishikwambi.

Jumamosi watoto walikwenda pampu na vikapu. Hawakuwa wamekaa sana, mvulana mmoja, Fideli, akaanza kupiga chafya mfululizo.

"Maua haya yananiwasha," alisema akijikuna mikono. "Angalieni, nimetoka vipele."

"Wewe Fideli, ukiona kazi tu, pua inaanza!" Prisila akamjibu, na wenzao wakacheka. "Kama ni uvivu, sema ni uvivu."

"Si uvivu! Njoo ushike hapa uone."

"Nenda zako nyumbani, mgonjwa wa kazi."

Fideli aliondoka akiwa ameinamisha kichwa. Prisila akamweleza Katekista Anakleti kwamba Fideli amekimbia kazi, na kesho yake mvulana huyo alisimama nyuma kabisa ya maandamano, bila kikapu.

Ilikuwa Jumapili nzuri. Mama Advera na wenzake walikuwa wameshinda Jumamosi wakisuka mashada, na altare ilipendeza kama imenyeshewa mvua ya maua. Watoto walitangulia mbele ya Sakramenti wakimwaga vijiua vyeupe kwa mikono yote miwili, toka kanisani, kando ya mashamba ya mahindi na tumbaku, hadi kwenye barabara ya zamani na kurudi. Prisila alitembea mbele ya wote. Alijiona kama malaika.

Katikati ya wiki, Mama Advera hakuonekana kwenye sala za jumuiya. Mama yake Prisila akamtuma binti ampelekee uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usiogope."

Mama Advera alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono ameiweka mapajani, viganja juu. Ilikuwa imevimba na kuwa myekundu, na kati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka. Hakuweza kushika mwiko, sembuse jembe. Prisila ilimbidi ampe uji kwa kijiko.

"Wanasema ni sabuni," alisema Mama Advera. "Wengine wanasema ni dawa ya tumbaku. Wahudumu wa zahanati wamenipa mafuta ya kupaka, lakini wanasema kwanza nijue nilichoshika. Mimi nitajuaje? Niombee wewe. Sala yako ni ya mtoto msafi."

Prisila akapiga magoti. Alijaribu kuanza Baba Yetu, midomo ikagoma. Angewezaje kuombea mikono ile wakati ulimi wake ndio ulioiumiza? Akamkumbuka Fideli na vipele vyake. Uso ulimwaka kama aliyeinamia jiko la mkaa. Akasema "Amina" bila kuwa ameomba chochote, akatoka nje, akalia nyuma ya ghala la mahindi.

Asubuhi iliyofuata alimsubiri Mwalimu Masolwa mlangoni mwa ofisi.

"Mwalimu, nilikudanganya. Sikulinganisha majani. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilitazama kwaya."

Mwalimu alifungua mlango, akaweka vitabu vyake mezani. Prisila alitamani angefokewa.

"Kalete tawi moja," hatimaye alisema. "Funga mikono kwa mfuko wa plastiki, na pua uifunge kwa kitambaa."

Aliporudi, waliketi pamoja, tawi likiwa juu ya gazeti.

"Jina la kwetu kanzidata hailijui," alisema Mwalimu. "Ulipoandika bibi harusi ukakosa jibu, haikumaanisha mmea haumo. Ilimaanisha wewe na kanzidata hamjaelewana. Na ukiandika ua jeupe, umeita nusu ya dunia. Punguza. Unaona visanduku hivi pembeni? Chagua Tanzania. Chagua mimea. Si mti, si wa majini. Unaota wapi?"

"Kando ya barabara, mwalimu. Penye ardhi iliyochimbwachimbwa."

"Chagua hilo pia. Sasa imebaki michache, tunaweza kuiuliza mmoja mmoja. Niambie jani likoje."

Kwa mara ya kwanza Prisila alilitazama jani. "Limekatikakatika, kama jani la karoti. Shina lina mifereji na vinyweleo. Ua... ua lina pembe ndogo tano."

Walifungua kurasa moja baada ya nyingine. Mmea mmoja ulikuwa na ua linalofanana lakini jani zima, wakauacha. Mwingine walisoma sehemu inayoeleza mimea ya kufanana nao, wakauacha pia. Ndipo picha ikatokea: mche, jani, shina, ua na mbegu, vyote sawasawa na tawi lililokuwa mezani. Mwalimu akanakili jina la kitaalamu, Parthenium hysterophorus, akalitafuta upya peke yake, na taarifa nyingi zaidi zikafunguka. Kwa Kiswahili, gugu karoti. Huwasha ngozi za baadhi ya watu, huleta chafya na shida ya kupumua, hufanya maziwa ya ng'ombe kuwa machungu, hudhoofisha mazao. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu.

"Maelfu," Prisila alirudia kwa sauti ndogo. Aliiona njia yote ya maandamano, na mikono yake mwenyewe ikimwaga.

Mwalimu alimtumia picha afisa kilimo wa kata, naye akathibitisha. "Na mimi nina kosa langu," Mwalimu akasema. "Nilipokea jibu bila kulikagua. Lakini la kuwaambia watu ni lako."

Alianza kwa Fideli, aliyekuwa akitengeneza baiskeli. "Hukuwa mvivu. Nilikusema vibaya, na uongo ulikuwa wangu."

"Nilijua," Fideli alisema bila kuinua macho. Kisha akaongeza, "Lakini mgonjwa wa kazi, hilo jina utalibeba wewe sasa."

Kisha akaenda kwa Mama Advera, akamweleza yote. Mama Advera alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga. "Imeniuma," alisema. "Mikono itapona. Nenda kaseme kanisani, watu waokoe mashamba yao."

Jumapili, wakati wa matangazo, Prisila alisimama mbele ya watu walewale aliowatangulia kama malaika. Alisema yote, hakujipunguzia. Wiki hiyo kijiji kizima kilifagia njia. Watu walivaa glovu na kufunga pua, wakang'oa magugu pale pampu, wakayatia magunia na kuyachoma moto palepale. Prisila hakukosa hata siku moja.

Mvua za kwanza ziliponyesha, miche michache ilichomoza njiani. Prisila ndiye aliyeitambua, kabla haijatoa ua. Mama Advera aliyefuatana naye, mikono imepona, aliing'oa akiwa na glovu zake mpya.

Siku moja Mwalimu Masolwa alimpa tena kishikwambi, pamoja na jani lililookotwa kwenye mnada wa ng'ombe. Prisila alichagua, alipunguza, alisoma mpaka kengele ikalia.

"Haya, ni mmea gani?"

Darasa zima lilimtazama. Prisila alihisi uso ukianza kumwaka.

"Bado sijui, mwalimu. Majani yanafanana na mimea miwili, na ua sijaliona."

Mwalimu akatabasamu. "Jibu hilo nimelisubiri tangu Juni. Watoto, sikilizeni: kutojua si aibu, wala kutafuta polepole si aibu. Aibu ni kusema umesoma wakati hujasoma, kwa sababu watu watatembea juu ya neno lako. Kesho tutaenda wote mnadani kulitafuta ua."