Siku Raba za Sikudhani Zilipostaafu

Haya, sogeeni karibu. Anayetaka kucheka acheke kwa zamu, maana kuna viatu viwili humu ambavyo havijui zamu.

Kule Lushoto, milimani, aliishi msichana mdogo aliyeitwa Sikudhani. Sikudhani hakujua kutembea. Alijua kukimbia tu.

Alikimbia kwenda shule. Alikimbia kwenda dukani. Alikimbia hata kwenda kulala, akakipita kitanda, akarudi.

Miguuni alivaa raba nyekundu. Yaani, zilikuwa nyekundu zamani. Sasa zilikuwa na rangi ya njia.

Kamba zake zilikuwa fupi kwa kukatikakatika. Soli zilikuwa nyembamba kama chapati. Na huko mbele, kwenye vidole, raba zote mbili zilikuwa zimeachama.

Watu wa mtaani wakiziona walisema, "Sikudhani, viatu vyako vinacheka."

Na kweli vilikuwa vinacheka.

Kwa kwa kwa, kilicheka cha kulia.
Kwi kwi kwi, kilicheka cha kushoto.

Majani yakivitekenya, vinacheka. Kokoto ikivitekenya, vinacheka. Sikudhani naye anacheka, na mbio zinanoga.

Shida ilikuwa moja. Viatu havikujua mahali pa kunyamaza.

Asubuhi moja wanafunzi walikuwa mstarini. Mwalimu mkuu alikuwa anazungumza juu ya utulivu. Alizungumza taratibu, na kwa muda mrefu.

Kwa kwa kwa, kikacheka cha kulia.
Kwi kwi kwi, kikacheka cha kushoto.

"Nani anacheka?" akauliza mwalimu mkuu.

"Ni viatu, Mwalimu," akasema Sikudhani.

Mwalimu mkuu akainama. Akavitazama viatu. Viatu vikamtazama mwalimu mkuu.

"Mwambie mama yako," akasema, "viatu hivi havina nidhamu."

Basi Mama akampeleka Sikudhani kwa fundi viatu. Fundi akavipinduapindua vile viatu, akaguna.

"Mama Sikudhani," akasema, "hivi nimevishona mpaka nashona uzi juu ya uzi. Kiatu chenyewe sikioni."

Hata hivyo akapaka gundi. Akavibana midomo. Viatu vikanyamaza kimya.

Njiani kurudi nyumbani, kokoto ikakitekenya cha kulia. Kikataka kucheka, kikashindwa. Kikavimba.

Cha kushoto nacho kikavimba. Sikudhani akawa anatembea kama amevaa maboga.

Pwaaa. Gundi ikaachia.

Vicheko vyote vilivyobanwa vikatoka kwa pamoja. Mbuzi wa jirani akacheka mpaka akakaa chini.

"Basi, imetosha," akasema Mama. "Viatu hivi vimechoka. Dada yako Zamaradi miguu imekua, raba zake hazimwingii tena. Utavaa zile."

"Na hizi zangu, Mama?"

"Hizo leo jioni zinaingia shimo la taka. Nazichoma."

Sikudhani akahuzunika. Roho ilimuuma kabisa, machozi yakaja.

"Mama, mbona bado vinacheka? Tutamchomaje mtu anacheka?"

"Hicho si mtu, mwanangu. Ni kiatu."

"Chenyewe hakijui," akasema Sikudhani.

Akavivua, akavikumbatia, akakimbia peku mpaka nyuma ya nyumba, kwa Babu.

Babu alikuwa analisha kuku. Zamani Babu alifanya kazi posta. Alipiga mihuri kwenye barua, pa, pa, pa, mchana kutwa. Sasa hapigi tena. Watu husema, "Mzee amestaafu."

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Babu, kustaafu ni nini?"

Babu akafikiri kidogo. "Ni kuacha kazi yako ya zamani. Wanakufanyia sherehe. Wanakuhutubia mpaka unasinzia. Halafu kesho yake unaanza kufuga kuku."

"Kila mtu anafuga kuku?"

"Kila mtu. Asiyefuga kuku analima mchicha."

"Na huwa wanawachoma kwenye shimo la taka?"

Babu akashtuka. Akajipapasa mikono, akajipapasa magoti. "Mimi hawajanichoma."

Sikudhani akafuta machozi. "Basi, Babu, viatu vyangu havichomwi. Vinastaafu."

Babu akavitazama. Unyoya wa kuku ukapita, ukavitekenya.

Kwa kwa kwa, kikacheka cha kulia.
Kwi kwi kwi, kikacheka cha kushoto.

"Ni kweli, umri wao umefika," akasema Babu. Wala hakutania. "Tuunde kamati."

Wakaunda kamati. Sikudhani akawa mwenyekiti. Babu akawa mtunza karanga.

Ikabaki kumpata mgeni rasmi. Wakamchagua kuku wa Babu aitwaye Madamu.

Madamu alikuwa kuku mwenye maringo. Hakutaka kutaga kwenye kiota kama wenzake. Alitaga kwenye kofia ya Babu. Alitaga kwenye beseni la Mama. Siku moja alitaga juu ya redio, wakati wa taarifa ya habari.

Jioni Mama akaja na kiberiti. Alikitikisa, chaka chaka chaka.

"Viko wapi vile viatu?"

"Viko meza kuu," akasema Babu. "Keti, mwanangu. Hotuba zinaanza."

Na kweli, viatu vilikuwa mezani, vimevishwa maua. Mama akaketi.

"Sherehe ikiisha, nachoma," akasema.

Mwenyekiti akasimama. "Ndugu viatu," akasema Sikudhani. "Mlinipeleka shule, mkanirudisha. Mliniokoa na bata mzinga wa jirani. Siku ile nilipoanguka mbele ya watu, mlicheka nyinyi, na mimi nikacheka. Sikulia. Asanteni."

Viatu vikatulia, kwa mara ya kwanza bila gundi.

Kisha mgeni rasmi akapanda juu ya meza. Akaangalia huku. Akaangalia huku.

"Ko," akasema Madamu.

Watu wakasubiri.

"Ko ko."

"Amegusa penyewe," akasema Babu, akapiga makofi. Karanga zikazungushwa. Babu akazungushiwa mara nyingi kuliko wengine, maana alikuwa mtunza karanga.

"Bado makabidhiano," akasema Babu. "Mstaafu haondoki hivihivi. Lazima amkabidhi kazi anayekuja."

Zikaletwa raba za Zamaradi. Zilikuwa za bluu, safi, zimefumba midomo. Hazikuwa na utani hata kidogo.

Sikudhani akavaa raba za bluu miguuni. Raba za zamani akazivaa mikononi. Akainama, akatoka kwenda njiani kwa mikono na miguu, tapu tapu tapu tapu.

"Hili ni jiwe," akaziambia raba za bluu. "Linatekenya."

Kwa kwa kwa, kikacheka cha kulia.

Raba za bluu kimya.

"Hili ni dimbwi. Lina baridi."

Kwi kwi kwi, kikacheka cha kushoto.

Raba za bluu kimya.

Jirani yao, Mama Shekiondo, akapita na kapu lake. Akasimama. "We Sikudhani, umekuwa mbuzi?"

"Hapana, Mama. Tunakabidhiana kazi."

"Haya, poleni na kazi," akasema Mama Shekiondo, akaenda zake.

Wakazunguka mpaka kwenye mgomba, wakarudi. Karibu na mlango, jani likagusa raba za bluu. Raba za bluu zikajikaza. Zikajikaza tena. Halafu, kwa sauti ndogo sana, zikasema, "Hi."

"Wameshika kazi," akasema Babu.

Mama akasimama na kiberiti chake. Chaka chaka chaka. "Sherehe imeisha. Nipeni viatu."

"Mama, haiwezekani," akasema Sikudhani. "Kesho wanaanza shughuli zao."

"Shughuli gani?"

Sikudhani akakichukua kiatu cha kushoto. Akakijaza udongo. Tundu la kwenye soli likawa pa kutolea maji. Akamwaga mbegu juu, akazifunika.

"Huyu analima mchicha."

Akakichukua kiatu cha kulia. Akakitandika nyasi kavu. Akakiweka bandani.

"Huyu anafuga kuku."

Zile kamba fupi Babu akaziunganisha, akafungia mlango wa banda.

Mama akaangalia kiatu. Akaangalia banda. Akamwangalia Babu, ambaye alikuwa anaangalia juu mawinguni.

"Nawapa nafasi," akasema Mama. "Mchicha usipoota na yai lisipoonekana, shimo ni lilelile na kiberiti ni hikihiki."

Siku zikapita. Udongo ulikuwa udongo tu. Madamu alichungulia ndani ya kiatu, akanusa, akaenda kutaga kwenye beseni la Mama.

Chaka chaka chaka, kiberiti kikasema mfukoni mwa Mama.

Na viatu havikucheka. Kimoja kilikuwa na udongo mdomoni. Kingine kilikuwa na nyasi mdomoni.

Sikudhani akaogopa. Alilala na hofu, akaamka na hofu. Alivipenda viatu vyake kwa ajili ya kicheko chao, na sasa vilikuwa kimya kama viatu vya watu wengine.

"Babu, wamekasirika?"

"Mstaafu huwa hivyo mwanzoni," akasema Babu. "Mimi nilinuna mpaka kuku wa kwanza alipotaga."

Kisha ikanyesha mvua ya manyunyu. Asubuhi Sikudhani akaenda kuchungulia, na njiani hakukimbia, kwa sababu ya woga.

Kwenye mdomo wa kiatu cha kushoto palikuwa na kitu cha kijani. Kidogo kama jino la mtoto. Halafu kingine, na kingine.

Upepo ukapita. Kimche kimoja kikainama, kikatekenya mdomo wa kiatu.

Kwi kwi kwi, kikacheka cha kushoto.

Sikudhani akakimbia mpaka bandani. Madamu alikuwa amekaa juu ya kiatu cha kulia, macho amefumba, maringo yote usoni.

"Ko," akasema Madamu, akanyanyuka.

Ndani ya kiatu palikuwa na yai. Lilikuwa la moto bado. Lilikienea kiatu kama mguu.

Kwa kwa kwa, kikacheka cha kulia.

Sikudhani akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Raba za bluu nazo zikashindwa kujizuia. "Hi hi hi hi," zikacheka, na safari hii kwa sauti kubwa.

Mchicha ukakua. Ukajaa kiatu, ukamwagikia nje. Jioni moja wakala ugali kwa mchicha na yai la kukaanga.

Mama akala. Akaomba kuongezwa. Hakusema kitu juu ya shimo.

Baada ya chakula Sikudhani akaenda kulala kwa mbio. Akakipita kitanda, akarudi. Akajifunika blanketi.

Mama akaja kumzimia taa. Akapiga hatua moja.

Kwe kwe kwe.

Mama akasimama. "Sikudhani, ni wewe?"

"Siyo mimi, Mama."

Akapiga hatua nyingine.

Kwe kwe kwe.

Mama akainamisha macho taratibu. Akayaona makubazi yake, makubazi yake anayoyapenda, ambayo amekwenda nayo sokoni miaka na miaka. Yalikuwa yameachama huko mbele. Yalikuwa yanamcheka.

Mama akakitoa kiberiti mfukoni. Akakitazama. Akayatazama makubazi yake. Akaendelea kuyatazama, na macho yake yakalegea.

Akakiweka kiberiti juu ya kabati, mbali kabisa.

"Mwenyekiti," akasema polepole, "kamati inakaa lini?"

"Kesho asubuhi, Mama," Sikudhani akajibu kutoka ndani ya blanketi. "Andaa hotuba."

Akapitiwa na usingizi.