Sauti Iliyoingia Tundu Lisilo Lake

Mzee Sindano alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyumbani, kwenye chumba cha mbele. Mashine ikinyamaza, nyumba nzima ilinyamaza. Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Binti yao wa pekee alifanya kazi nchi ya mbali.

Jumapili moja asubuhi, binti alipiga simu.

"Baba, bado unayo ile kaseti ya mama?"

"Ninayo."

"Nirekodie kwa kile kinasa sauti nilichokutumia. Nimeanza kuisahau sauti yake."

Kaseti hiyo ilikuwa barua ya sauti. Mkewe aliirekodi zamani, mume alipokuwa mbali kikazi. Nyingine zote ziliharibika. Hii nayo mkanda wake ulikuwa umechakaa.

Kinasa sauti kilikuwa kidogo, cha kushika mkononi. Ubavuni kilikuwa na matundu mawili. Moja liliandikwa MIC, la pili LINE.

"Tundu ni tundu," alijisemea.

Alichukua waya. Ncha moja aliichomeka kwenye redio kaseti, pale pa spika za masikioni. Nyingine aliichomeka kwenye MIC. Akarekodi.

Aliposikiliza, sauti ilikwaruza kama ya mtu anayepiga kelele ndani ya pipa. Akarudia. Yale yale. Mara ya tatu mkanda ukaanza kusuasua. Akaizima redio upesi.

"Mke wangu, nitakupoteza tena," alisema.

Nyumba ya pili aliishi dada mmoja, fundi mitambo wa kituo cha redio. Tangu mazishi, Mzee Sindano hakuwa amebisha mlango wa mtu. Siku hiyo alibisha.

"Shikamoo, mzee. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nina shida."

Dada alikuja, akasikiliza, akatazama waya.

"Tatizo ni hili tundu, mzee. Maikrofoni hutoa sauti hafifu sana. Kwa hiyo tundu la MIC huikuza mara nyingi. Lakini sauti ya redio yako imeshakuzwa. Ukiikuza tena, lazima ipasuke."

"Kumbe nimempigia kelele mtu asiye kiziwi!"

Dada alicheka. "Ndivyo hasa. Sauti ya redio, ya televisheni au ya mashine ya kaseti, ipeleke LINE. Maikrofoni ipeleke MIC. Ukiichomeka maikrofoni kwenye LINE, utasikia mnong'ono tu."

"Basi tuicheze kaseti."

"Ngoja. Mkanda wa mama tusiuchoshe. Lete kaseti nyingine, tujaribu kwanza."

Walijaribu kwa kaseti ya nyimbo. Dada alihamishia waya kwenye LINE. Akaanza na sauti ya chini, akaipandisha polepole.

"Tazama vimistari hivi kwenye kioo. Visigonge mwisho. Vikigonga, punguza."

Kisha wakaweka kaseti yenyewe. Mzee Sindano alivaa spika za masikioni za kinasa sauti. Mkewe akasema, wazi kabisa:

"Mume wangu, hujambo? Mtoto ameota jino. Akicheka anafanana na wewe, maskini!"

Mzee aligeukia ukutani. Dada aliacha mkanda uishe. Baadaye alimwonyesha jinsi ya kuhifadhi nakala mbili na kumtumia binti moja, akaaga.

Binti alipopokea, alipiga simu akicheka. Kicheko kikageuka kilio.

"Baba, sasa nirekodie na sauti yako. Usingoje."

"Niseme nini? Mimi sina habari."

"Chochote."

Kesho yake mchana alichomeka kwenye MIC maikrofoni iliyokuja na kinasa sauti. Akakaa umbali wa shibiri moja, akatazama vimistari, akakohoa.

"Mwanangu, hujambo? Ni mimi baba yako. Leo nimeshona kola mbili, zote nikazifumua..."

Alizungumza nusu saa. Tangu mazishi, hakuwa amezungumza na mtu kwa muda mrefu hivyo.