Ngozi ya Pangoni

Jumamosi moja ya masika, mwaka wa hamsini na nne, kinanda kikubwa cha kanisani kilivuta pumzi kabla hakijaguswa. Silima, fundi seremala, aliisikia barabara. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kinanda akikusanya misumari yake, na mpini wa mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayokipa kinanda upepo, ulikuwa umelala, hakuna aliyeukamata.

"Fundi, umekipuliza?" aliuliza Mwalimu Makungu, mpiga kinanda.

"Sijakigusa, Mwalimu. Labda upepo."

Upepo haukuwapo. Palinuka udi na damu ya mbuzi, na Silima alijua harufu ile inatoka wapi. Ngozi ya mivukuto ilikuwa imeliwa na panya, na mjini alikosa nyingine ya kufaa. Alipokwenda kwao Makunduchi aliiona moja imetandikwa kwenye pango la mzimu, laini, haina tundu. Akaikunja chini ya kanzu, akaja kuiwamba kwenye mivukuto. Hakumwambia mtu.

Kesho yake, Jumapili, Bi Perpetua alisimama kuimba, yeye ambaye sauti yake ilikuwa ikifika mpaka barabarani. Na kila alipotoa pumzi mivukuto ilijaa yenyewe, ikazidi kujaa, naye akawa anasinyaa, midomo ikageuka majivu, mpaka akaanguka, na kinanda kikaendelea na wimbo pale alipoukatiza, kwa sauti yake yeye, na mikono ya Mwalimu iko kichwani.

Siku ya tatu Bi Perpetua hakuweza hata kuomba maji. Makungu alimfuata Silima karakanani.

"Silima, mimi na wewe tushakula sahani moja," alinong'ona. "Umetia nini mle?"

Silima akamwambia yote, macho yako chini.

Walimleta Bi Mwatima, mganga na mtunzaji wa pango lile. Alikataa kuingia kanisani. "Aliyemtia mzimu humo ndiye atakayemtoa," alisema mlangoni, chetezo mkononi.

Silima aliingia peke yake. Ngozi ilikuwa ya moto kama ubavu wa mnyama aliye hai. Alipoipitishia kisu ilishusha pumzi ndefu ya kike, na nyumba ya pili Bi Perpetua akaketi kitandani, akaomba uji.

Alasiri walikuwa Makunduchi. Bi Mwatima aliiweka ngozi penye mdomo wa pango. "Shikamoo, mwenye pahala. Kitu chako hiki, na mwizi wako huyu, anaomba radhi."

Kutoka ndani ilijibu sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke. "Mbuzi nilipewa. Ngozi niliibiwa. Iliyokatwa siitaki."

"Waitaka ipi, basi?"

Bi Mwatima alimtazama Silima, kisha akauzima udi kwa mchanga.

"Twende zetu, mwanangu," alisema. "Hakunijibu mimi. Atakujibu wewe."

Silima alipofika nyumbani mgongo ulikuwa ukimuuma. Mkewe, Biasha, alimlaza kifudifudi mkekani, akampaka mafuta ya nazi huku akimsimulia habari za jirani. Ghafla mkono wake ukasimama.

"Baba Usi," alisema taratibu, "hebu bana pumzi kidogo."

"Kwa nini?"

"We bana tu."

Silima akabana, akahesabu moyoni mpaka ishirini. Chini ya kiganja cha Biasha, mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka.