Dirisha Lililogoma Kufunguka

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Bibi Irmgard alifungua madirisha yote ya nyumba yao mjini Goslar. Theluji ianguke isianguke, yeye hakujali. "Dakika tano za hewa safi!" alitangaza, huku mjukuu wake Merle, msichana wa miaka kumi na miwili, akitetemeka mbele ya mkate wake. Wazee wote wa mtaa walifanya vivyo hivyo, wakisalimiana dirisha kwa dirisha, kofia za sufu kichwani.

Lakini baridi iliyopenya madirisha yakiwa yamefungwa, Bibi hakuivumilia. Dirisha la chumba chake lilikuwa kuukuu, na shingo ilimuuma tangu Novemba.

"Baridi ninayoifungulia mwenyewe ni mgeni wangu," alimwambia mwanawe, Volker. "Hii inayoingia bila hodi ni mwizi. Isipokwisha kufikia Jumapili, nahamia kwa Hannelore."

Shangazi Hannelore aliishi mwendo wa saa nne kwa treni. Merle aliposikia hayo, aliusukuma mkate wake kando. Alimpenda Bibi kuliko mtu yeyote.

Jumamosi, kabla ya kwenda kazini, Volker alimkabidhi binti yake nailoni nyembamba angavu ya kuzibia baridi dirishani kwa Bibi, pamoja na utepe wa gundi. "Futa vumbi kwanza. Dirisha lina milango miwili ya vioo. Kila mlango ukatie kipande chake, ukibandike juu ya mlango wenyewe, si kwenye fremu ya ukutani. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Kusikia alisikia. Ila rafiki zake walikuwa wakiteleza mlimani kwa vigari vya theluji, na wakimwita. Akakata kipande kimoja kikubwa, akakibandika kwenye fremu ya ukutani, juu ya milango yote miwili, bila kufuta chochote, kisha akakipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Nailoni ikajikaza, mikunjo yote ikatoweka. Alijisifu mwenyewe, akatoka mbio.

"Umefanya kama nilivyokuambia?" Volker aliuliza jioni.

"Vilevile, Baba," alijibu Merle, akikazia macho supu yake.

Jumapili asubuhi nyumba iliamshwa na ukelele.

"Volker! Mmenifungasha kama soseji!"

Bibi alikuwa amesimama dirishani na kofia yake. Kishikio cha dirisha kilionekana vizuri kabisa, nyuma ya nailoni. Alikishika kupitia nailoni hiyo, akavuta, nailoni ikavimba na kumsukuma tumboni.

Mara mlango wa nyumba ukagongwa kwa fujo. Alikuwa Mzee Kolbe wa ng'ambo ya barabara, amevaa nguo za kulalia na viatu vya theluji, anahema.

"Irmgard yu hai?" alifoka. "Dirisha lake halijafunguliwa! Miaka ishirini na tisa halijapata kuchelewa! Nimeteleza mara mbili njiani!"

"Nipo hai, lakini nimefungwa jela!" Bibi alijibu. "Na jela sikai. Volker, nitolee sanduku langu."

Merle aliangua kilio. "Usiende, Bibi! Ni mimi. Baba aliniambia nibandike kila mlango peke yake. Nilitaka kuwahi kucheza, halafu nikamdanganya."

Hakuna aliyecheka, hata Mzee Kolbe. Volker alibandua nailoni yote. Safari hii Merle alifuta vumbi, akapima na kukata vipande viwili. Bibi mwenyewe alishika mashine, akapuliza nailoni na nywele za Kolbe pia. Kisha akavuta kishikio. Dirisha likafunguka, theluji ikaingia, wote wakapiga kelele. Alipolifunga, chumba kikatulia.

"Hutaenda, Bibi?" Merle aliuliza.

"Siendi. Kwa baridi ningevaa tu soksi mbili, mjukuu wangu. Kilichokuwa kinanihamisha leo si baridi, ni dirisha lililogoma. Ukilipua kazi, sema nimelipua, tutairekebisha pamoja. Ukisema uongo, sisi wenzako tunabaki tunavuta dirisha lisilofunguka, hatujui kwa nini. Sasa mpashie moto Mzee Kolbe chai. Amekuja kunizika bila soksi."