Maandishi ya Kijani

Mnisamehe makosa ya herufi. Mimi siandiki ovyo, kuandika ndiyo kazi yangu, tena haraka kuliko wengi. Lakini leo natumia mkono mmoja, na sababu yake nitaifikia.

Unapotazama taarifa ya habari, chini ya kioo hupita maandishi ya yale yanayosemwa, kwa ajili ya wasiosikia. Watu hudhani mashine inajiandikia yenyewe. Wapi. Kwenye kituo chetu ni mimi, nimejibanza kwenye kachumba kasiko na dirisha, vidole vinakimbia. Msomaji wa habari namwandika kwa rangi nyeupe, mgeni wake kwa njano. Sauti isiyokuwa na maneno inaingia kwenye mabano: (makofi), (kicheko), (mlango unafungwa). Rangi ni hizo mbili tu. Shikeni hilo.

Mama yangu hasikii. Ni miaka sita sasa, tangu jioni aliyokufa baba. Jioni ile mtu alipiga hodi mlango wa nyuma, baba akaitikia "karibu", akaenda kufungua. Mama alikuwa anapika. Alipotoka jikoni alimkuta baba amekaa kwenye kochi lake, mlango uko wazi, na roho haipo. Hapakuwa na mgeni. Hodi ile na "karibu" ya baba ndizo sauti za mwisho mama kuzisikia. Daktari alisema ni mshtuko, masikio yatarudi. Hayakurudi.

Mwaka jana nilimnunulia televisheni, nikamwashia maandishi, nikamwelekeza nikajiona nimefanya la maana. Na kila jioni, habari zikiisha, nilikuwa naongeza mstari mmoja wa wizi: "Mama, komea mlango wa nyuma." Ni kosa la kufukuzwa kazi, najua. Lakini hakuna aliyelalamika. Mtazamaji mmoja alituma hata shukrani, akisema kituo kinajali usalama wa raia.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Kitini alikaa mwenzangu tunayemwita Kobe, na ukimwona anavyoandika hutauliza kwa nini. Saa kumi na mbili kasoro ukaja ujumbe wa mama kwenye simu: "Chiriku, njoo. Maandishi yako yamekuwa madogo, siyaoni."

Chiriku ni mimi. Nilipewa jina hilo nikiwa mdogo, kwa mdomo wangu.

Nikachukua betri mbili za rimoti, nikaenda huku nanung'unika. Siku yenyewe moja ya kupumzika, nayo naitwa kupanua herufi. Nilipofika jua lilikuwa linazama, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Wazi kabisa, umeegemea ukuta.

Nilikasirika mpaka nikasahau kuogopa. Nikaingia, nikaubamiza, nikapiga komeo la juu na la chini. Ndani palikuwa na harufu ya udongo uliolowa, na mvua tulikuwa hatujaiona wiki ya tatu ile. Mama alikuwa sebuleni, amekunja miguu kwenye kiti chake. Kochi la baba liko pembeni kama siku zote, limefunikwa kitambaa, hakuna anayelikalia.

"Shikamoo mama."

Aliusoma mdomo wangu. "Marahaba. Umechelewa."

"Kwa nini umeacha mlango wazi?"

"Si wewe uliyesema."

Nikadhani ni uzee, nikaliacha. Sauti ya televisheni ilikuwa sifuri, ya nini kupoteza. Msomaji wa habari alikuwa anafumbua na kufumba mdomo, na maandishi ya Kobe yanajikokota chini yake, meupe, yanasomeka vizuri tu.

"Mama, mbona haya yako sawa?"

"Sio hayo. Yale ya kijani. Ya kwako."

"Kijani?"

Akanishika shingo kama mtoto asiyetaka kusoma, akanielekeza kwenye kona ya chini, kushoto. Kweli palikuwa na kitu. Kamstari kembamba ka kijani, kama sisimizi wamepangana.

Nikachukua rimoti. Mipangilio. Maandishi. Ukubwa... ilikuwa kwenye ndogo. Nikabonyeza wastani. Maandishi ya Kobe yakakua, na ya kijani yakakua nayo. Nikabonyeza kubwa. Sisimizi wakaachana, nikaanza kuona herufi. Maandishi meupe yalikuwa yanayafunika yale ya kijani, nikayaondolea mandhari yake nyeusi, nikayasogeza juu ya kioo. Kisha nikabonyeza kubwa sana.

(mtu anapumua)

Msomaji wa habari alikuwa anaeleza kuhusu daraja lililobomoka.

Nikajua ni Kobe na utani wake wa kijinga. Nikamwandikia kwenye simu: "Kijani umeitoa wapi?" Jibu lilichukua muda wake, kama kawaida yake. "Kijani gani? Hatuna kijani. Niache, naandika."

Niliponyanyua macho, mstari ulikuwa umebadilika.

(kochi linalia)

Hilo nililisikia. Sio kwenye televisheni, sauti ilikuwa sifuri. Nililisikia kwa masikio yangu, upande wangu wa kulia... mlio wa chemchemi za kochi mtu mzito anapojiweka sawa.

Sikugeuka mara moja. Nasema ukweli, shingo ilikataa. Nilipogeuka, kitambaa cha kochi la baba kilikuwa kimebonyea katikati.

Nikamgusa mama goti, akanitazama mdomo. Nikamuuliza polepole, "Haya ya kijani yalianza lini?"

"Jumamosi. Uliandika hodi. Nikasema, huyu leo ana mchezo. Jumapili ukaandika tena hodi. Jana, baada ya kusema nikomee, ukaniambia, mama, fungua mlango wa nyuma. Nikafungua."

"Nani aliingia?"

"Hakuna mtu. Upepo tu, wa baridi. Hukusema tena nifunge, nikauacha."

Hapo ndipo akili ilinikaa sawa, na bora isingenikaa. Miaka sita kitu hicho kimekuwa kikipiga hodi kwenye mlango ule kila jioni. Mama hakuitikia kwa sababu hakusikia. Uziwi wake ndio uliokuwa komeo lake. Kisha nikaja mimi, mtoto mwenye mapenzi na ujuaji, nikamfundisha kusoma sauti. Nikamzoesha na kutii mstari wa mwisho.

Kwenye kioo yakatokea maneno mengine. Haya hayakuwa kwenye mabano.

Mama akayasoma kwa nguvu, kwa ile sauti yake isiyojisikia. "Chiriku, mbona umenifungia ndani?"

Akacheka kidogo. "Sasa unajiuliza mwenyewe?"

Mlango wa mbele uko nyuma ya kiti cha mama, ningeweza kumkokota tukatoka. Lakini ingebaki humo ndani, na mama angerudi, namjua, ile ni nyumba ya mumewe. Nilitaka itoke. Basi nikalipita kochi la baba nikiwa nimejibana ukutani, nikafika mlango wa nyuma, nikafungua komeo la juu, nikafungua la chini, nikauacha wazi. Nikasimama pembeni. Kutoka pale niliweza kuona kioo.

(hatua)

(hatua)

Harufu ya udongo ilinijia puani.

(hatua zinasimama)

Baridi ilinipitia sikioni, karibu, kama mtu anayetaka kukuambia siri akaghairi. Kioo kikabaki na maandishi meupe ya Kobe peke yake. Kama ilitoka, kama ilibaki imesimama pale, mimi sijui mpaka leo. Sikungoja. Nilimshika mama mkono tukatoka mlango wa mbele, yeye na ndala zake, ananilalamikia barabara nzima kwamba tumeacha televisheni inawaka.

Nikamleta kwangu. Maandishi nikayazima, rimoti nikaificha kwenye mkoba. Kazini, nilipouliza kuhusu kijani, msimamizi alipekua kumbukumbu zote, hakukuta mstari wa kijani hata mmoja. Alichokuta ni mistari yangu ya wizi ya mwaka mzima, akanipa barua ya onyo. Niliipokea bila neno, na wote wakashangaa.

Mama ndiye aliyeniumiza. Kila jioni amekaa mbele ya midomo inayocheza bila maneno, ananiuliza, "Yamerudi?" Nasema bado. Juzi aliniambia, "Masikio yaliondoka yenyewe. Macho unaniziba wewe." Nililia bafuni.

Sasa leo.

Leo jua lilipoanza kuzama nilikuwa mezani na kompyuta yangu. Mama alikuwa amenipa mgongo, anakunja nguo. Televisheni imezimwa. Kimya.

"Chiriku," akasema bila kugeuka. "Kuna mtu mlangoni."

Mimi sikusikia kitu.

Nikanong'ona, kwa mgongo wake, "Nani?"

Naye akajibu. Mama yangu, ambaye bila kuuona mdomo wako hajui hata kama upo, akajibu mnong'ono.

"Baba yako. Anapiga hodi."

Aligeuka, na uso wake ulikuwa wa miaka sita iliyopita. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tangu tuzike. Nilimwambia, "Mama, usiitikie." Nikamwambia huyo siye. Nikamkumbusha baba mwenyewe aliitikia nini jioni ile na alikutwa wapi. Alinisikia kila neno. Alisikia pia kitu ambacho mimi sikisikii, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni.

"Mara ya pili," akasema. "Mwanangu, ni sauti yake. Nimwache nje?"

Kisha akavuta pumzi.

Nilimrukia nikamziba mdomo kwa kiganja. Hanipigi, hanisukumi. Tumekaa hivi sakafuni, kompyuta nimeivuta mapajani, machozi yake yananipita kwenye vidole. Chini ya kiganja nasikia midomo yake inacheza. Ni neno lile lile, tena na tena. Natamani nimwachie alitamke tu, maana anamlilia mumewe, na mimi ni nani wa kumkatalia. Lakini nina mama mmoja.

Naituma hii kwa kila mtu ambaye nina namba yake. Kobe, wewe ndiye unayekaa karibu. Ukija, nakuomba, usipige hodi. Vunja mlango.

Giza limeshaingia. Mkono umeanza kufa ganzi.