Ngoma Zenye Adabu

Jumamosi asubuhi duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika. Mafundi bomba, wapaka rangi na akina mama wenye orodha mikononi walisukumana mbele ya kaunta, na katikati ya msukumano huo kijana mmoja mrefu aliinamia bati, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena.

"Kaka, unalinunua au unalibembeleza?"

Aligeuka. Nyuma yake alisimama dada mwembamba mwenye gauni la samawati, mikono ya gauni kaikunja hadi viwikoni, kitambaa cha njano kichwani, paketi ya skrubu mkononi. Kijana alitahayari, akajieleza. Alikuwa mtunzi wa muziki wa filamu, wenzake humwita Masikio, na alikuwa akitafuta kishindo. Mwongozaji wa filamu alikuwa amemrudishia kazi mara mbili. Onyesho lenyewe ni la mgodi unaoporomoka, na mke wa mchimbaji anausikia akiwa nyumbani. Mwongozaji alisema ngoma zake zina adabu mno, zinabisha hodi kabla ya kuingia.

Dada alicheka mpaka skrubu zikamwagika. Kumbe naye alikuwa mpiga ngoma kuu wa okestra ya jijini. Kwa vile sauti yake ilikuwa ndogo, wanamuziki wenzake walimbandika jina la Ngurumo. Walipofika mlangoni walikuwa wameshapeana namba za simu, na bati limesahaulika dukani.

Studio ya Masikio ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Okestra nzima ilikaa ndani ya kompyuta. Kila pigo la ngoma, kila uzi wa fidla, ulikuwa umerekodiwa mmoja mmoja na watu asiowajua, naye alibonyeza tu kinanda, sauti ikatoka. Ngurumo alisikiliza amefumba macho. Alisema waliorekodi walipiga kwa heshima, kwa virungu vilivyovikwa sufi. Masikio alipopeleka mkono kwenye kitufe cha kuongeza sauti, Ngurumo aliushika.

"Ukipandisha kila kitu, hakuna kilichopanda."

Basi wakaanza upya. Walitwaa sauti za nyuzi za besi zilizovutwa hadi zikajipigiza kwenye ubao, wakazilaza chini ya ngoma. Wakaongeza sauti nzito za mwisho za piano. Walikata mwanzo wa kila pigo ili liingie bila kuvuta pumzi. Nakala moja waliipitisha kwenye kikuza sauti cha gitaa hadi ikakwaruza kama jiwe juu ya chuma, wakaichanganya na ile safi. Kabla ya pigo kubwa, Ngurumo alitaka kimya cha sekunde mbili. Kishindo kilianza kutisha, ila pigo lenyewe la katikati bado lilikuwa laini. Kwa hiyo Masikio alimrekodi Ngurumo mwenyewe, asubuhi tatu katika ukumbi wa okestra, kwa virungu vya mbao vitupu. Mapigo sitini, kuanzia mnong'ono hadi lile lililotikisa vumbi la mapazia.

Kufikia pigo la sitini walikuwa wanapendana, na hakuna aliyejisumbua kulificha hilo.

"Umekula, mpenzi?" Ngurumo aliuliza kwenye simu kila mchana.

"Nikimaliza kipande hiki."

"Basi hicho kipande kitasikika kina njaa."

Siku ya tatu ya kurekodi, meneja wa ukumbi alimwomba Masikio nakala za mapigo yale, eti kumbukumbu. Masikio alikuwa amevimba kichwa kwa ajili ya mpenzi wake. Alitaka kila mtu amsikie. Alizituma jioni ile ile, na hakumwambia Ngurumo.

Wiki mbili baadaye Ngurumo aliitwa ofisini. Meneja alimweleza kwa maneno matamu kwamba kuanzia onyesho lijalo ngoma itatoka kwenye kompyuta, wala hatahitajika. Kisha akabonyeza kitufe, ngoma ikalia. Ngurumo aliutambua mkono wake mwenyewe.

Masikio alipopokea simu, hakusikia salamu.

"Uliwapa?"

"Niliwapa, lakini sikujua..."

"Sikukuuliza kama ulijua."

Simu ikakatika. Alipiga tena mara saba, haikupokelewa. Alikwenda kwa meneja, akaambiwa kilichotolewa hakirudi. Usingizi ukamruka, na chakula kikawa kama makapi. Siku ya pili alikaa mbele ya kompyuta, akayaondoa mapigo yote ya Ngurumo kwenye filamu, akaenda kumngoja nje ya ukumbi. Alipomwona alimweleza alichofanya. Alidhani uso ule utalainika.

"Nani alikutuma?" Ngurumo aliuliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilifanana na jina lake. "Uliyatoa bila kuniuliza. Sasa umeyaondoa bila kuniuliza. Mimi niko wapi katika haya yote?"

Watu walipita kati yao wakielekea kituoni.

"Niliusikiliza mkono wako," Masikio alisema. "Wewe sikukusikiliza."

Ngurumo aliondoka. Masikio alirudi studio, akamwandikia barua kiongozi wa okestra, yule mwenye kijiti. Alikiri kwamba mapigo yale aliyatoa yeye bila ruhusa ya mwenyewe.

Alhamisi okestra ilifanya mazoezi na ngoma ya kompyuta. Ngurumo alikuwepo, amekuja kuchukua virungu vyake kabatini. Muziki ulipanda, na mahali pazito kuliko pote kiongozi akauzuia mkono hewani, kama alivyozoea, ili wanamuziki wangoje. Walingoja wote. Spika haikungoja. Pigo lilianguka peke yake, kama mtu aliyecheka msibani. Walirudia mara tatu, likaanguka vile vile mara tatu. Kiongozi, ambaye barua ilikuwa mfukoni mwake, aliweka chini kijiti chake, akasema hataki ngoma isiyo na macho. Akamwita Ngurumo, akampa ile barua aisome.

Ngurumo hakukimbilia ngoma. Alisema atarudi kwa mkataba ulioandikwa, na baada ya mapigo yake kufutwa yeye akiona. Meneja aliyafuta pale pale.

Ijumaa alasiri mlango wa studio uligongwa. Ngurumo aliingia na mfuko wa virungu begani, akavuta kiti, akaomba aonyeshwe lile onyesho. Masikio alilichezesha. Mgodi uliporomoka kwa zile ngoma za zamani.

"Huyu mama hajafiwa," Ngurumo alisema. "Ameangusha sufuria."

Akatoa karatasi. Mapigo yake yatumike katika filamu hii tu, na mpigaji atajwe mwishoni. Masikio alisoma, akatia sahihi, akayarudisha moja baada ya jingine, kila mara akimwuliza kama ni hapa au pale. Ilichukua saa mbili. Kisha wakalichezesha tena. Kimya kiliingia, sekunde mbili ndefu, halafu mlima ukaanguka. Cherehani chini ikasimama. Ngurumo alikuwa amemshika Masikio kifundo cha mkono, na hakumwachia hata picha ilipokwisha.

"Nataka kuja kwenu na mjomba wangu," Masikio alisema.

"Kufanya nini?"

"Kukuomba."

"Kwa baba yangu, au kwangu?"

Masikio alikigeuza kiti chake hadi magoti yao yakagusana. "Kwako kwanza."

"Basi niombe."

Akamwomba kwa maneno ya kawaida, akikwama hapa na pale. Ngurumo hakumkatiza. Alimwacha amalize, kisha akasema ndiyo.